Kuigiza H.M.S. Pinafore kwa Kiswahili hapa Unguja: naomba ushauri

kijana_wa_kikwajuni

Assalaam alaykum wana jukwaa. Naomba msaada wa anayejua mambo ya muziki na maigizo.

Tuna kikundi chetu hapa mjini Unguja, watu wa kawaida tunaopenda kuimba. Hakuna anayelipwa. Kuna walimu wawili, kuna fundi wa mafriji mwenye sauti nzito ajabu, kuna dada anayeuza vitambaa Darajani, na vijana wanaosoma chuo. Wapiga ala tunao: fidla mbili, udi, kanuni, akodiani, besi na dumbak. Siku zote tunapiga taarab asilia, harusini na kwenye sherehe za skuli. Safari hii tumekubaliana kufanya kitu tusichopata kukifanya, opera ya kuchekesha ya Waingereza iitwayo H.M.S. Pinafore. Maneno yake aliandika W. S. Gilbert, muziki akatunga Arthur Sullivan, na ilioneshwa mara ya kwanza London tarehe 25 Mei 1878.

Kwa asiyeijua, kisa chenyewe ni hiki. Manowari ya Malkia imetia nanga Portsmouth. Baharia wa chini, Ralph Rackstraw, anampenda Josephine, binti wa kapteni wake. Kapteni Corcoran keshamtafutia bintiye mume: Sir Joseph Porter, mkuu wa wanamaji wote wa Uingereza, ambaye mwenyewe hajawahi kufanya kazi ya bahari. Josephine anampenda Ralph lakini cheo kinamzuia. Wanapanga kutoroka usiku, baharia mmoja aitwaye Dick Deadeye anawachongea kwa kapteni, Ralph anatiwa pingu. Hapo ndipo Bi Buttercup, mama anayepanda melini kuwauzia mabaharia tumbaku na vitu vitamu, anapotoa siri. Zamani alikuwa mlezi wa watoto, na aliwachanganya wawili, mmoja wa watu wakubwa na mmoja wa wanyonge. Ralph ndiye alistahiki kuwa kapteni, na kapteni ndiye wa kuwa baharia. Wanabadilishana vyeo pale pale na harusi tatu zinapangwa.

Sasa tumegawanyika. Nusu wanasema tuimbe Kiingereza kama kilivyo, nusu wanataka tufasiri. Wengine wanataka hadithi nzima ihamie bandari ya Malindi, kapteni awe nahodha wa jahazi. Mwenyekiti wetu anataka tutie vichekesho zaidi, watu watafute mbavu zao. Na hizi ala zetu, zitauweza muziki huu au tutafute piano? Tunataka kuonesha baada ya masika. Mwenye uzoefu tafadhali anijibu.

---

mpemba_wa_wete

Waalaykum salaam. Mimi nauliza kwanza, kwa nini manowari ya Mwingereza? Tarehe 27 Agosti 1896 manowari zao zilisimama hapo mbele ya Forodhani zikalipiga jumba la Sultani kwa muda usiofika saa moja, na watu mia tano hivi wakauawa au kujeruhiwa. Meli ya Sultani, Glasgow, ikazama bandarini na milingoti yake ikabaki kuonekana juu ya maji kwa miaka. Leo tuwavishe vijana wetu kofia za mabaharia wale waimbe sifa zao? Juhudi zenu naziheshimu, lakini hadithi zetu wenyewe tunazo nyingi na hazijaigizwa.

---

bimkubwa_mlandege

Waalaykum salaam wanangu nyote wawili.

Nimefundisha muziki na Kiingereza katika skuli za hapa mpaka nilipostaafu. Pinafore nimeifundisha kwa kwaya ya watu wazima, wimbo kwa wimbo, na tukaionesha katika ukumbi wa skuli mbele ya wazee na majirani. Nitarefusha, maana jambo hili nalipenda.

Nianze na mwanangu wa Wete, kwa sababu neno lake ni la haki na mtu anayetaka kuiweka opera hii jukwaani Zanzibar lazima awe na jibu lake. Pinafore haiwaimbii sifa. Gilbert alikuwa akiwasema wakubwa wa nchi yake, tena mbele yao. Sir Joseph anasimama kwenye sitaha anasimulia maisha yake: alianza mtoto wa ofisi kwa mawakili, akifagia na kusugua kishikio cha mlango mpaka king'are, akapanda cheo baada ya cheo, akaingia bungeni akawa anapiga kura kama chama chake kinavyomwamrisha, hatimaye akapewa wanamaji wote awatawale. Kisha anawausia wasikilizaji: kaeni kwenye meza zenu, bahari msiiguse, nanyi mtakuwa watawala wa manowari za Malkia. London nzima ilijua anasemwa nani. Mkuu wa wanamaji wakati ule alikuwa W. H. Smith, mfanyabiashara wa vitabu na magazeti, na baada ya opera hii jina la Pinafore Smith lilimganda. Na sisi pwani hii tumefanya kazi hiyo hiyo ya kuwatazama wenye vyeo na kuwageuza mchezo. Ile ngoma ya beni ilikuwa nini kama si kofia zao, vyeo vyao na hatua zao za gwaride mikononi mwa watu wa mitaani? Hapa Unguja wanawake wa taarab walikuwa na vilabu vyao wakaviita Navy na Royal Air Force, wakashindana kwa mavazi na kwa mafumbo. Sisemi 1896 isahauliwe. Nasema aliyeonewa na manowari ana haki zaidi ya mtu yeyote ya kuisimamisha jukwaani na kuonesha vyeo vyake vilivyo vitupu.

Ndiyo maana, kijana wa Kikwajuni, nakuomba msiihamishie Malindi. Nahodha wa jahazi anakula sinia moja na mabaharia wake. Bintiye akimpenda baharia, watu watauliza kijana anaswali na anafanya kazi, basi. Kisa kimekwisha. Kisa cha Pinafore kinahitaji ile ngazi ndefu ya vyeo vya Kiingereza, ambapo mtu mwenye cheo cha chini haruhusiwi hata kuinua macho. Na kuna pahala kwaya nzima inamtetea Ralph kwa kusema angeweza kuzaliwa Mrusi, Mfaransa, Mturuki au Mprusi, lakini akavishinda vishawishi vyote akabaki kuwa Mwingereza. Mtu hachagui pa kuzaliwa, nao wanamsifu kwa hilo kwa dhati ya moyo. Ukiiweka kwenye jahazi, hapo unaimba nini? Meli ibaki Portsmouth. Lugha ndiyo ije kwetu.

Lugha, basi. Fasirini yote, wala msibakishe nyimbo mbili tatu za Kiingereza kwa ajili ya wageni. Watakaokuja ni mama zenu na majirani, na opera hii bila maneno kusikika haibaki kitu. Gilbert alikuwa akiandika maneno kwanza, Sullivan akayatafutia sauti, sawasawa na taarab yetu ambapo mshairi hutangulia na mtunzi wa sauti akafuata. Mfasiri hana raha hiyo. Sauti imeshakamilika na yeye lazima aifuate, na hapo mtakutana na shida moja itakayojirudia kila ukurasa. Kiingereza kinapenda kumaliza mstari kwa silabi moja nzito. Kiswahili mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho. Mkiweka silabi yetu ya mwisho juu ya noti yao nzito, mtaimba Kiswahili cha mtu aliyeshuka kwenye ndege jana. Dawa yake ni kuipasua noti ya mwisho iwe mbili, nzito kisha nyepesi.

Nikuoneshe kwa wimbo wa Bi Buttercup anapotaja bidhaa zake. Ni muziki wa waltzi, moja-mbili-tatu. Vipande vyake viwili vya mwanzo ni mizani sita na sita, na kwa bahati vinaishia laini kama Kiswahili. Cha tatu ni mizani nane na kinaishia kwa pigo zito. Sisi tuliimba hivi:

*Kahawa ninayo, tumbaku ninayo,*
*mikasi na saa na visu.*

Hesabu: ka-HA-wa ni-NA-yo, tu-MBA-ku ni-NA-yo, mi-KA-si na SA-a na VI-su. Cha tatu kimekuwa mizani tisa badala ya nane, kwa kuwa noti ya mwisho imepasuliwa. Muziki haukudhurika hata kidogo, na muuzaji wa Darajani ataimba bila kuvunja mdomo. Huyo dada wa vitambaa ana sauti gani? Kama ni ya chini na nene, Buttercup wenu ni huyo. Fundi wa mafriji mpeni Dick Deadeye, ile ni sehemu ya besi. Ralph anataka sauti ya juu ya kiume, Josephine sauti ya juu ya kike yenye pumzi ndefu, kwa sababu nyimbo zake ndizo ngumu kuliko zote na hazichekeshi. Yeye anateseka kwelikweli.

Na hapa nafika kwa mwenyekiti wenu. Mwambieni, kwa heshima zote, asitie kichekesho hata kimoja. Najua tunavyopenda vichekesho hapa: mtu anavaa suruali kubwa, anajikwaa, anakodoa macho, anamgeukia mtazamaji. Gilbert alikuwa mkali sana juu ya hilo. Aliwasimamia waigizaji wake mwenyewe na alitaka kila mmoja aamini anachokisema, aigize kana kwamba hana habari kuwa ni cha kuchekesha. Sir Joseph haoni ajabu yoyote kuwa mkuu wa wanamaji asiyejua bahari. Anaona ni heshima aliyoitafuta kwa jasho. Mchezaji wetu, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, niliwahi kumwambia aimbe ule wimbo kama anavyotoa nasaha kwa mjukuu wake anayeanza kazi serikalini. Akasimama wima, mkono mmoja juu ya fimbo, akautamka wimbo wote bila kutabasamu. Watu walikuwa wakifuta machozi kwa kucheka. Usiku wa pili, jamaa zake wakiwa wamekaa mbele, alianza kuwakonyeza, na kicheko kikapungua mstari kwa mstari mpaka ukumbi ukatulia. Maneno yale yale, mtu yule yule. Tafadhali lichukue hili kuliko yote niliyosema.

Ala zenu zinatosha. Muziki wenyewe ni wazi, unakwenda kama maqamu ya ajam, ngazi ya sauti iliyo sawa na "major" ya Wazungu, kwa hiyo kanuni haitapata taabu. Akodiani ishike pahala pa vinanda vya kupuliza, fidla zibebe sauti, na dumbak lipigwe kwa vidole, si kwa kiganja, ama sivyo wimbo wa Sir Joseph hautasikika. Udi muuwekee sehemu ya pili. Usiku, kapteni anauimbia mwezi peke yake, na Gilbert alimpa mandolini mkononi. Mpeni udi.

---

kijana_wa_kikwajuni

Shikamoo Bi Mkubwa. Nimeyasoma yote kwa sauti mbele ya wenzangu jana baada ya isha, na ile mistari ya kahawa na tumbaku tumeijaribu papo hapo. Dada wa vitambaa ameipata mara ya pili tu! Mwenyekiti amekaa kimya, nadhani anafikiri.

Yamezuka mawili. La kwanza ni kutunza. Kwenye taarab watu wanainuka, wanakuja mbele wakicheza, wanamtunza mwimbaji kwa pesa. Hatuwezi kuwazuia mama zetu, na hatutaki kuwazuia, lakini wakija wakati Sir Joseph anaimba maneno ya mbio mbio atapotea. La pili, kuna binti ana sauti ya Josephine khasa, lakini baba yake ana wasiwasi na ile habari ya kutoroka usiku na mwanamume.

---

mpemba_wa_wete

Bi Mkubwa, jibu lako nimelipokea. Nimeisoma hadithi yenyewe baada ya hapo, nami naleta jambo jingine ambalo mkilipuuza litawaharibia usiku wenu. Buttercup anasema aliwalea watoto wale wawili wakiwa wachanga. Mwisho wa mchezo anaolewa na kapteni, ambaye ni mmoja wao. Watazamaji wa hapa watauliza swali moja tu: alimnyonyesha? Kama alimnyonyesha basi ni mama yake wa kunyonya, na ndoa hiyo haramu. Bibi yangu asingekaa kwenye kiti mpaka ajibiwe.

---

mzee_wa_funguni

Salaam aleikum. Mimi nimefanya kazi bandarini maisha yangu yote, muziki siujui, lakini meli nazijua, na nimefurahi kuona vijana wanazungumza juu ya Buttercup. Nitawaambia kitu.

Mwaka ule wa 1878 mnaoutaja, Waingereza walikuwa na manowari yao hapa hapa bandarini kwetu, H.M.S. London. Ilifika 1874 ikakaa imetia nanga miaka, na boti zake zilikuwa zikitoka kuyafukuza majahazi yaliyobeba watumwa, kuanzia hapa hadi Pemba. Kwa hiyo wakati watu wa London wanacheka ndani ya ukumbi, mabaharia wa kweli walikuwa wanakaangwa na jua la Unguja. Meli kubwa ikitia nanga nje, wauzaji huenda nayo kwa mashua, hiyo ni kazi ya bandari zote za dunia. Nimeiona kwa macho yangu: mtu anashika kamba kwa mkono mmoja, chane ya ndizi kwa mkono mwingine, anapatana bei akiwa chini na mteja yuko juu ya sitaha. Huyo Buttercup wenu asiingie jukwaani anatembea kama mtu anayeingia dukani. Apande. Wekeni ngazi ya kamba ubavuni, aonekane kichwa kwanza, halafu kapu, halafu yeye.

La jukwaa lenyewe: nimeelewa kuwa mchezo mzima uko pahala pamoja, sitaha ya nyuma ya manowari, mchana kisha usiku. Hiyo ni nafuu yenu. Tafuteni fundi mmoja wa majahazi, awape mlingoti wa mvinje, henza na kamba kuukuu za kweli. Mabaharia wa kwaya wafundishwe kuikunja kamba ikae duara kwenye sitaha, si kuisokota mkononi kama kamba ya kuanikia nguo. Mtu wa bahari akiona kamba imekunjwa vibaya haamini tena kitu kingine.

---

bimkubwa_mlandege

Marahaba mwanangu. Na wewe mzee wa Funguni ahsante sana, kwa sababu Gilbert angekukumbatia. Kabla ya kuonesha, yeye na Sullivan walikwenda Portsmouth wakapanda manowari, Victory mojawapo, naye akachora kila kitu, kisha akatengeneza mfano mdogo wa sitaha ili kila mchezaji ajue pa kusimama. Alitaka hata kamba ziwe sahihi. Mpeleke mzee kwenye mazoezi, kijana, usimwachie.

La kunyonya. Mwanangu wa Wete, hilo nililikuta na ndilo lililonikalisha usiku zaidi kuliko wimbo wowote. Maneno ya Gilbert yanaweza kuchukuliwa kwa kunyonyesha au kwa kulea tu. Tulichukua kulea, tukalisema wazi mara mbili, ili mtu wa safu ya nyuma naye asikie. Buttercup wetu aliimba kuwa watoto walikuwa wakinywa maziwa ya mbuzi kwa kijiko. Mbuzi hayumo katika opera, nimemtia mimi, na sijuti. Bibi mmoja upande wa kulia aliitikia "alhamdulillahi" kwa sauti, mchezo ukaendelea. Jingine ambalo watauliza ni umri: kama kapteni na Ralph walikuwa wachanga pamoja, vipi Ralph anamwoa binti wa kapteni? Hilo msilirekebishe. Gilbert aliliacha hivyo kwa makusudi na hakuna mtu jukwaani anayeliona. Likiachwa bila maelezo linachekesha lenyewe.

Baba wa binti. Mwendee wewe na mwenyekiti, na mama mmoja wa kikundi awe nanyi, msimtumie ujumbe wa simu. Mwelezeni kuwa wanatoroka kwenda kufunga ndoa, na wanakamatwa kabla hawajaiacha meli. Ralph na Josephine wetu hawakushikana hata mkono mpaka mwisho, kila mmoja aliimba upande wake wa mlingoti, na ikawa na nguvu zaidi. Mwalikeni aje mazoezini akae. Akimsikia bintiye anaimba ule wimbo wa sehemu ya pili, ambapo Josephine anapima upande mmoja nyumba ya baba yake yenye mazulia na vyombo vya fahari, na upande wa pili chumba kimoja kwenye kichochoro na chakula kilichopakuliwa ndani ya bakuli la kupikia pudini, ataona bintiye ameaminiwa kazi ya mtu mwenye akili. Wazazi wa hapa wanaujua uzito wa uamuzi ule.

Sir Joseph naye anafuatana na dada zake, binamu zake na mashangazi zake, kundi zima, kila anakokwenda. Wavisheni kanga sare. Sisi tulipowaingiza hivyo, wakija kwa mstari na kanga zao mpya, hakuna aliyehitaji kuelezwa ni kina nani.

Kutunza kunaingia vizuri kuliko mnavyodhani. Buttercup anauza, na kapu analo. Katika wimbo wake wa kwanza ashuke ngazini aende katikati ya watu, wapiga ala wairudie waltzi kadiri inavyohitajika, na anayetaka kutunza atie ndani ya kapu. Wimbo wa kapteni na udi pia uacheni wazi. Halafu kuna pale Sir Joseph, kapteni na Josephine wanapoimba watatu. Sir Joseph amedhani Josephine anamwogopa kwa ukubwa wake, basi anamhakikishia kuwa mapenzi yanasawazisha vyeo vyote. Yeye anajitetea, kumbe anamtetea Ralph, na Josephine anaimba kwa furaha mbele ya wanaume wawili wasiojua kwa nini kafurahi. Wimbo huo una desturi ya kurudiwa na kurudiwa, kwa hiyo watunzaji wakiinuka hapo hawaharibu kitu. Wimbo wa Sir Joseph wa maisha yake usiguswe. Mwenye kutangaza mchezo aombe mapema, kwa adabu, kuwa bwana mkubwa huyu atunzwe akishamaliza.

Mambo ya ruhusa nitayapita haraka. Sullivan alifariki 1900 na Gilbert 1911, na haki ya D'Oyly Carte, kampuni iliyokuwa ikiionesha, juu ya maneno iliisha 1961, hivyo hamdaiwi na mtu. Tafsiri yenu ni mali yenu, mnaweza kuipeleka COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya hapa. Maandishi kamili yapelekeni BASSFU, baraza la sanaa na sensa ya filamu, mapema, si wiki ya mchezo. Na kama mnafikiria Ngome Kongwe, kumbukeni kuwa baada ya masika ndipo kusi linapovuma kwa nguvu. Pale ni wazi, mtahitaji maikrofoni kwa kila mwimbaji na upepo utaingia ndani yake. Kwa mara ya kwanza ningechagua ukumbi wa skuli wenye dari, tuanze saa mbili na nusu usiku watu wakishaswali. Mchezo wenyewe ni saa moja na nusu hivi ukiondoa mapumziko, kwa hiyo kwa kurudia na kutunza mtamaliza kabla ya saa tano na watoto watarudi nyumbani na wazazi wao.

---

kijana_wa_kikwajuni

Mwenyekiti amekubali. Kasema vichekesho havitatiwa, lakini anataka yeye awe Sir Joseph. Tumemjaribu na ule wimbo wa kishikio cha mlango na, Bi Mkubwa, ana uso wa kazi hiyo kabisa. Mbuzi tumemkubali. Kwa baba wa binti tunakwenda Jumapili, na dada wa vitambaa atafuatana nasi. Kilichobaki ni ile kwaya ya "angeweza kuwa Mrusi", tumekwama kwenye mstari wa mwisho, noti ni ndefu mno kuipasua.

---

bimkubwa_mlandege

Ile msiipasue. Noti hiyo ndefu inakaa juu ya silabi nzito ya jina, ishikilieni pale pale, na silabi ya mwisho iangushwe fupi wakati fidla zinaingia: Mwi-nge-REEEE-za. Walio na pumzi fupi wavute hewa kwa zamu, wasivute wote pamoja. Kama haitokei, Jumanne mimi nipo nyumbani baada ya alasiri, njooni na akodiani.